Bakuli Kumi na Saba

Mimi ni askari wa usiku, ghala la mtama,
mkabala na mkahawa wake.
Mlango ule umepakwa rangi mara tatu mbele ya macho yangu.
Wakishaondoka wateja, Abrehet hukaa kwenye kiti cha plastiki,
miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi,
anahesabu bakuli.

Hela anazihesabu kwa Kiswahili
alichokiokota Juba, akakimalizia hapa Soroti.
Matusi ni Kiateso, tulimfundisha sisi.
Lakini bakuli ni Kitigrinya, polepole,
kama mtu anayeita watoto waingie ndani.

Mwaka aliofika tulimcheka.
Nafaka ya kwao haiko sokoni kwetu,
akanunua wimbi, wimbi letu hili,
akaliacha lichache siku tatu,
akamimina juu ya bati la moto
mkate mpana wenye macho elfu.
Watoto wa shule wakauita blanketi.
Mzee Eriaku akatafuna, akatazama dari:
"Hii ni ajon iliyokataa kuwa pombe."
Kesho yake akarudi, na kijiko chake mfukoni.

Kwenye hospitali yetu, asiye na ndugu hana chakula.
Daktari huandika dawa; uji hauandikwi.
Wenye jamaa huwasha majiko nyuma ya wadi,
vifuniko vinagongana,
na asiye na mtu hugeukia ukuta.

Zamu yangu huanza saa moja. Anajua.
Saa kumi na mbili na nusu hunisukumia toroli:
dengu, wali, uji wa wasio na meno,
bakuli kumi na saba za bati la bluu.
"Omoding, usimwage. Omoding, usihubiri.
Weka, toka. Na zirudi zote."

Nilidhani anatafuta jina.
Mgeni mwerevu hununua majirani, nilisema,
nilisema kwa sauti, mrija wa ajon mdomoni,
na neno lilimfikia,
maana wiki ile nzima mchuzi wangu haukuwa na nyama.

Hata mheshimiwa alikuja, na mpiga picha,
asukume toroli hatua kumi tu.
Abrehet akampa sufuria iliyoungua dengu
na steelwaya.
"Anza na hii."

Sababu niliipata usiku wa mvua, umeme umekatika.
Aliteremshwa kwenye lori, homa imemkaba,
wadi ya wanawake, kitanda cha pembeni,
hana lugha ya kuombea maji.
Mama wa kitanda cha pili, anayeuguza mtoto,
alimimina nusu ya uji kwenye kifuniko cha chupa ya chai
akamwekea mkononi.
Hakuuliza unatoka wapi.
Asubuhi kitanda kile kilikuwa kitupu.
"Mtoto?" nikauliza.
Akatikisa kichwa: hajui. Hajui hata leo.
"Nimemtafuta Katakwi. Nimemtafuta Kumi.
Nimtafuteje, Omoding? Jina sina. Nina kifuniko."
Chekundu, kimepasuka ukingo.
Anatilia chumvi, pale kando ya jiko,
na mimi miaka yote nilichota humo
nikilalamika chumvi ni ndogo.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
tulivyokuwa tukimwimbia huo msemo!
Jembe alijitafutia.
Sisi hatukuwa hata na deni la kumdai.

Juzi nilirudi na bakuli kumi na sita.
Mzee wa kitanda cha tisa alikata roho ameishika,
na muuguzi hakuwa na moyo wa kumfungua vidole.
Nilisimama nikisubiri matusi.
Akahesabu. Akahesabu tena,
akafika pale pale, akanyamaza,
akatoa mguu mmoja kwenye maji.

"Kesho pita sokoni, ninunulie moja," alisema.
"Ya bluu.
Na usikubali bei ya kwanza."