Kosa la Tumboni

Baba aliacha pauni tano za dhahabu
ndani ya kopo la maziwa ya unga
aliloliandika kwa mkaa: MISUMARI.
Miaka thelathini na moja, karani wa mizigo Kilindini,
akihesabu magunia ya watu,
na kila baada ya miaka mitano, sita,
akirudi Kibokoni na kitu kimefungwa ndani ya hanchifu.
Mama huuliza, "Ni pete?"
Naye hujibu, "Ni kosa."

Zilizokosewa ndizo alizozitafuta.
Zile nzima, mfalme katulia katikati,
aliwaachia maharusi wazitundike shingoni.
Yeye alitaka ile ambayo chapa iliruka,
mfalme akatoka na pua mbili.
Ile ambayo saba imekaa juu ya sita
kama mtoto kapakatwa na nduguye.
Ile ambayo ukiipindua
farasi anakimbia miguu juu.
Ile iliyomegwa ukingo kabla haijapigwa,
mwezi wa siku ya kumi na mbili.

Usiku wa Ramadhani, watu wametoka tarawehe,
alinivika jichoni kioo cha fundi saa
akanifundisha neno moja, lile lile, kila mwaka:
"Kosa la tumboni si jaraha la ndiani.
Lililotoka na sarafu mtamboni, huo ndio uzawa wake.
Lililoipata mikononi mwa watu,
kukwaruzwa, kutobolewa, kugongwa nyundo,
huo ni msiba tu, hauna bei.
Usichanganye, Mwanasiti. Ukichanganya utaibiwa."

Nilichanganya.
Nilidhani asema watu.

Arubaini ilipopita tulikaa Langoni, dukani kwa Jethalal,
kaka zangu wawili, mimi, na mizani.
Mama alikwisha tangulia; hesabu ikawa nyepesi:
wao mbili mbili, mimi moja.
Jethalal hakuvaa hata miwani.
"Dhahabu ni dhahabu," alisema. "Pua moja, pua mbili,
ikiingia tanurini ni uji."
Nikasema, msiziyeyushe, ziko watakaozitaka kwa mara kumi ya hiyo.
Shebwana alicheka. Faraji alitazama saa.
Nilisema mara moja.
Sikusema mara ya pili, na hilo ni langu,
nitaulizwa mimi.

Wakubwa wakachagua kwanza.
Ikabaki yenye mikwaruzo.

Bati la Shebwana ni jipya, la rangi ya samawati;
mvua ikinyesha Majengo nzima inasikia.

Mimi nilikwenda nayo nyumbani, nikatafuta kioo.
Uso wa mfalme ulikuwa safi, pua moja, tarakimu zimenyooka,
na juu ya shavu, mchirizi wa kwenda na kurudi.
Dhahabu imesukumwa pembeni, imefanya tuta.
Mtambo haufanyi tuta. Hilo alinifundisha mwenyewe.
Jaraha la ndiani, tena baya.
Nikamwonea haya marehemu:
yeye wa macho yale, nani alimuuzia hii?

Daftari lilikuwa chini ya kopo, limenuka kutu.
Kila pauni na ukurasa wake: tarehe, bei, kosa.
Pua. Saba juu ya sita. Farasi. Ukingo.
Wa tano, wino mwingine, mwandiko wa haraka:

"Hino ilikuwa nzima, niliweka ya kulinganishia.
Ijumaa. Mwanasiti, miaka mine,
na sindano ya charahani ya mamake.
Si kosa la mtambo.
Haiuzwi."

Nimeigeuza dirishani mpaka magharibi ikaadhiniwa.
Vilima viwili, kimoja kirefu, kingine kimechoka,
herufi ya kwanza ya jina langu,
na mguu wa mwisho haukufika chini:
hapo, nadhani, ndipo aliponishika mkono.