Maiti wa Tatu Kutoka Kushoto

Baba yangu alikufa mara kumi na moja
katika filamu moja,
kiangazi cha mwaka sitini na moja,
kwenye machimbo ya mchanga nyuma ya barabara ya Casilina
ambako Roma ya mbao ilisimamishwa kwa magongo,
ina uso, haina kisogo.

Alfajiri alibeba nyama machinjioni Testaccio,
nusu ng'ombe begani, damu ya kweli shingoni.
Saa tatu alikuwa gladieta.
Alinawa damu ile ili apakwe nyingine,
ya sharubati na rangi ya midomo,
iliyowaita nyuki.

Lira elfu mbili kwa siku, na mkate wa soseji.
Ukichomwa mkuki, nyongeza mia tatu.
Ukianguka kutoka ukutani, mia tano.
Ukivunjika, shauri yako.
Kufa kufaana, alisema mama
akinifunga kamba za viatu vipya
vilivyonunuliwa na kifo cha Jumanne.

Alikufa na wavu mkononi. Wakambadilisha chapeo,
akafa tena upande wa pili,
mikononi mwa wenzake wa asubuhi.
Na kuna mahali, naapa,
ambapo ndiye anayerusha mkuki,
na picha inayofuata
ndiye anayeupokea tumboni, ameshangaa.

Shujaa alikuwa mpiga plasta kutoka Terni,
bangoni kapewa jina la Kimarekani
asiloweza kulitamka.
Hata sauti waliazima:
ya bwana mfupi mwenye pumu
aliyenguruma studioni juu ya kreti la bia.
Aliinua mwamba mkubwa kama gari,
watoto tukashika vichwa;
upepo ulipovuma
ilibidi aukimbilie mwamba wake mpaka barabarani.

Simba mwenda pole ndiye mla nyama.
Huyu wetu alikwenda pole kwa baridi yabisi
na alikula mkate uliolowekwa kwenye maziwa.
Walipomfungulia awararue mateka
alitafuta kivuli, akakipata kwa Kaisari,
akalala.
Kaisari akamsogezea mguu.

Lakini nilitaka kusema habari ya inzi.

Kifo cha tisa. Baba kalala mchangani, macho wazi,
makubadhi yamemvuka, jua la mchana utosini,
na inzi akatua chini ya jicho.
Baba akapepesa.
"Nazzareno!" alifoka bwana Baldassarri. "Maiti hapepesi!"
Wakarudia. Inzi naye akarudia.
Mara ya tatu mkanda ulikuwa unakwisha
na mkanda ulikuwa ghali kuliko ukweli,
basi wakauacha.

Kwenye ukumbi wa parokia, mabenchi ya mbao,
maganda ya mbegu za maboga mpaka vifundoni,
wote walimshangilia wa Terni.
Mimi nilisimama juu ya benchi nikapiga kelele:
Yule! Wa tatu kutoka kushoto! Mtazameni, hajafa!
Mtu akanivuta sketi: kaa chini, wewe.

Kifo cha kumi na mbili hakikulipwa.
Hospitali ya San Giovanni, mwezi wa pili, mvua.
Sista akanyoosha vidole amfumbe macho.
Nikamwambia, ngoja kidogo.
Akangoja, alikuwa mpole; kisha akauliza
ninangoja nini.
Sikujua namna ya kumweleza mtawa
kwamba ni baridi mno kwa inzi.

Siku hizi stesheni fulani huirusha usiku wa manane,
kati ya tangazo la magodoro na la mpiga ramli.
Rangi zimechujuka, damu imekuwa ya machungwa.
Mwanangu Tullio anacheka:
askari wa Kaisari amevaa saa ya mkono,
saa tano na robo.
Nacheka naye. Kweli inachekesha.
Kisha namshika goti: nyamaza sasa, tazama,
pale chini, karibu na gurudumu —

Sikuona, anasema. Rudisha.

Ni televisheni, Tullio.
Hairudishwi.