Uhakiki wa Mfagia Bisi

Hii ni mara ya hamsini na tatu nasimama nyuma ya viti,
ufagio mkononi, Ukumbi wa Pili, Duluth, Minnesota.
Nje theluji imefika magotini mwa magari.
Ndani Kimulimuli anatua juu ya paa la benki
na mvua inanyesha, kama ilivyo desturi ya mapaa ya benki.
Daktari Kutu anageuka polepole.
(Hajawahi kugeuka haraka. Koti lile ni la gharama.)

"Wewe?"
"Mimi."

Wasomi wangu, tusipite hapa mbio.
Neno moja kwa neno moja, nafsi ya pili kwa nafsi ya kwanza:
ni swali la kale, nani ni nani,
walilolijadili wahenga bila kuvaa suruali za mpira.
Kutu anamwona mtu anayewaka kifua kizima
kama gari la zimamoto, na bado anataka uthibitisho.
Hiyo ndiyo tashtiti, kuuliza ulichokwisha kukiona.

"Nilidhani umekufa."
"Nilikufa. Kidogo."

Odette Beaulieu wa mashine ya bisi anasema ni upuuzi,
kufa ni kama mimba, hakuna nusu.
Mimi hilo "kidogo" nimelala nalo siku kumi na moja.
Mwandishi angeweza kuandika "karibu". Hakuandika.
Angeweza kunyamaza, na watoto wa safu ya tatu wangemshukuru.
Akaliacha pale, peke yake, baada ya nukta,
kama sarafu iliyosahauliwa chini ya kiti
(nazo huwa naziokota, tusifichane).
Nani hajafa kidogo?
Bwana Lindkvist, meneja, hufa kidogo kila Jumatatu
akifungua daftari la mauzo.
Mimi nilikufa kidogo mwezi Februari,
betri ya gari iliponitangulia.

Kisha inakuja hotuba. Dakika nne.
Kutu anaeleza mpango wote:
mtambo uko wapi, kitufe ni kipi, kina rangi gani,
saa ngapi jiji zima litageuka unga mwekundu.
Wahakiki wenye haraka huuita huu udhaifu wa msuko.
Nawasihi, msikilizeni anavyovuta pumzi.
Mtu huyu ameishi miaka kumi chini ya ardhi
na watumishi wanaojibu "Ndiyo, Daktari".
Leo, kwa mara ya kwanza, yupo mtu anayemsikiliza
bila mshahara.
Ungekuwa wewe, ungebonyeza kitufe?
Ungeeleza. Ungerudi mwanzo. Ungemwonyesha michoro.

"Huwezi kunizuia."
"Tazama."

Na hatazami! Mara hamsini na tatu, hatazami,
macho yake yako kwetu, kwenye bisi zetu.
Siku moja kinaya hicho kilinichekesha kwa sauti
mama mmoja akanigeukia polepole,
naye pia alikuwa na koti zuri.
Baada ya hapo ni tanakali tupu, puu, chwaa, ndi-ndi-ndi,
na uhakiki unafungwa kwa muda.

Saa tano na robo usiku.
Nimezoa bisi, glavu moja ya mtoto, jino la plastiki.
Taa za ukumbi zimezimwa, Odette yuko mlangoni,
upepo wa ziwani unapiga kioo kwa kiganja.

"Wewe?" ananiambia,
kana kwamba jengo lina mtu mwingine.
"Mimi."
"Nilidhani umeshakwenda."

Nikatulia. Nafasi kama hii mfagiaji haipati mara mbili.
"Nilikwenda," nikasema. "Kidogo."

Hakucheka. Alikaza skafu yake, akatazama nje
mahali ambapo mchana palikuwa na gari lake,
akanikabidhi koleo.

Uchambuzi wa koleo nitauanza kesho.