Mai

Insha ya Somoe imerudi na jeraha.
"Nilipofika kisimani nikateka mai,"
na neno la mwisho limezungushiwa wino mwekundu,
pembeni: MAJI! Alama mbili zimekatwa.
Ameitupa juu ya mashine yangu ya fotokopi
hapa Langoni, katikati ya vyeti vya kuzaliwa
na fomu za basari,
akaniuliza kwa hasira ya miaka kumi na mmoja:
Bibi akinituma mai, nimletee nini? Moto?

Sikumjibu. Nimevuta mtoto wa meza.
Chini ya risiti mna daftari la Doha.

Ghala la saruji, zamu ya usiku, sisi wawili:
mimi wa Amu, na Resham Bahadur Ale.
Wakenya wenzangu walilicheka jina. Ale? Ale nini?
Naye alipoelewa akawajibu
kwa Kiswahili chake cha wiki tatu:
Ale wali.
Miaka minne tukala wali na dengu sahani moja.

Alinifundisha herufi kwa kuwa usiku ni mrefu
na simu zilibaki getini.
Kha, akasema. Nikaitoa kooni, ile ya chuoni.
Akacheka. Siyo hiyo. Hii ni ka yenye pumzi,
kama unayezima mshumaa.

Herufi nilizolelewa nazo hukaa juu ya mstari.
Zake huning'inia.
Tandika kamba kwanza, alisema, kisha uanike.
Nikatazama kamba yetu, kitanda hadi kitanda,
soksi, fulana, ovaroli zenye vumbi la saruji,
nikajiona nimeshajua kusoma.

Usiku mmoja nikamwuliza, maji mwaitaje?
Pani.
Akanyamaza. Lori likapita.
Di, akasema. Pani ni ya shule. Di ni ya mama,
ya sisi Wamagar wa mlimani.
Alikuwa na miaka sita, kiu imembana,
akaomba di mbele ya darasa,
mwalimu akamsimamisha mlangoni hadi adhuhuri.
Hivyo ndivyo nilivyojifunza Kinepali, alisema,
koo kavu.
Na nakipenda, usinielewe vibaya.
Mashairi yangu yote huja nacho.
Nikimsomea mama, haambulii kitu, hutikisa kichwa tu
kama asikiaye mvua kwenye bati la jirani.

Nami nikamfungulia yangu: mai, mato, ndia, ndaa.
Nikamwambia kwetu ni kisiwa cha tungo,
wageni huja na vinasa sauti kuwarekodi bibi zetu,
na mjukuu wa bibi huyo huyo
huingia mtihani wa Kiswahili akapotea ndia.
Akayaandika yote manne, yananing'inia humu,
ukurasa wa tisa, karibu na doa la chai.

Leo nimeipiga picha insha nikamtumia.
Yuko Butwal sasa, ana duka la vyombo.
Jibu limekuja kwa sauti, kuku wanalia nyuma yake.
Kwanza amelalamika: binti yake Sarita
yuko shule ya Kiingereza, ya ada kubwa,
akimwandikia barua kwa Kinepali humjibu,
baba, herufi hizo zinanichosha.
Akapumua. Nikadhani amemaliza.
Halafu: Mai?
Mwambie Somoe, mashariki ya nchi yetu kuna mto,
unaitwa Mai.
Mto mzima, rafiki yangu.

Somoe ameomba arudie kusikiliza.
Akarudia tena.
Mteja amesimama na kitambulisho chake mkononi,
anataka nakala mbili, hakuna anayemwangalia.
Mtoto ameshika kalamu. Duara hakuligusa.
Ndani yake, m ndogo ameipandisha ikawa M kubwa,
pole pole, ulimi nje,
kisha akanisomea kwa sauti ya msimamizi wa mtihani:

Nilipofika kisimani nikateka Mai.

Mto mzima. Kwa ndoo moja.