Nyota za Mchana

Dada yangu Verlene hakutazama mapazia.
Alilipita jiko, akalipita sinki linalometameta,
akaipita bei iliyoandikwa kwa wino mwekundu,
akapiga magoti kwenye changarawe, kisha akalala chali
akaingia chini ya trela kama fundi wa gereji,
mwanamke wa miaka sabini na miwili
mwenye goti la plastiki.

Mimi nilikuwa nimeshanunua. Moyoni.
Nilikuwa nimeshaegesha kando ya ziwa fulani,
kahawa mkononi, sidaiwi na mtu.
"Nyepesi," bwana Pfannenstiel alikuwa akisema,
"hata gari dogo litaivuta, utasahau iko nyuma yako."
"Wepesi," sauti ikajibu kutoka chini,
"huja kwa akili au huja kwa kupunja.
Hebu tuone huu umepita njia ipi."

Miaka thelathini na mmoja, hapa hapa Wichita,
alipiga ribiti kwenye mabawa ya ndege.
Anaijua alumini kama wengine wanavyojua unga:
kwa vidole, macho yakiwa kwingine.
Akatoka na nyasi kwenye nywele,
akachomoa mfukoni sumaku ya mlango wa friji,
ile yenye umbo la jogoo,
akaitembeza juu ya skrubu za ukingoni.
Jogoo akanasa.
Akanasa tena.
"Chuma cha kawaida ndani ya alumini.
Ndoa hiyo naijua. Chumvi ya barabara ikiingia kati
mmoja humla mwenzake taratibu,
ukabaki na vumbi jeupe na tundu."
Ameachika mara mbili. Sikusema kitu.

Kisha akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole,
shubiri kwa shubiri, sikio limeegemea.
Debe tupu, tunaambiwa, haliachi kuvuma;
hili lilivuma vizuri mpaka karibu na dirisha,
hapo likakohoa.
Akabonyeza. Ukuta ukabonyea
kama mkate uliosahauliwa kwenye chai.
"Mbao imeshakunywa," akasema,
akajifuta kidole kwenye suruali.

Safu ya ribiti aliisoma kwa dole gumba, kama barua.
Hapa mtu alikuwa makini: nafasi sawa, vichwa vimelala.
Hapa kengele ya chakula ililia.
Hapa nyundo iliteleza, hilali ndogo ikabaki kwenye bati,
na hakuna msimamizi aliyepita.
"Ijumaa jioni," akasema, bila hasira.
"Nami nilikuwa na Ijumaa zangu.
Ila zangu zilikaguliwa, maana zilikwenda kuruka."

Waliosema vyaelea vimeundwa
hawakusema vimeundwa siku gani.

Mwisho akanivuta ndani, akafunga mlango,
akateremsha mapazia yale niliyoyapenda,
akaliziba dirisha la darini kwa koti lake.
"Lala."
Tukalala kwenye godoro lenye nailoni bado, bega kwa bega,
kama zamani nyuma ya pikapu ya baba,
saa sita mchana, jua la Kansas likichoma bati,
upepo ukilitingisha trela zima kwenye jeki zake.
Giza tupu. Kisha macho yakazoea,
na juu yetu, pembeni, ikachomoza moja.
Halafu ya pili.
Ya tatu, nyembamba, karibu na taa.
"Hesabu," akasema Verlene.
"Kila nyota ni ndoo."

Bwana Pfannenstiel akabisha hodi: vipi, mmeipenda?
Hatukumjibu mara moja.
Nilikuwa nimefika saba,
na mkono wa dada yangu, ambao ganzi ya mashine
haijautoka mpaka leo,
ulikuwa unanionyesha ya nane.