Chokaa ya Buhongwa

Jezi aliinunua Luhende pale Mlango Mmoja,
elfu tatu, rangi ya chungwa lililoanza kunyauka,
mgongoni jina refu lenye herufi za kukwaruza koo:
GOIKOLARRE.
Kila mtu alilisoma kwa ulimi wake
mpaka likabaki Goiko, na Goiko akawa yeye.

Wakati huo alikuwa mtu wa maziwa.
Madumu mawili ubavuni, moja nyuma,
Usagara hadi mjini kabla chai haijachemka.
Mimi fundi wake. Baiskeli ile niliijua
kama mama ajuavyo kikohozi cha mwanawe.

Padre mmoja mgeni, mzee, mwenye pancha,
alisimama kibandani kwangu, akaiona jezi, akavua miwani.
"Huyu ni wa kwetu," akasema.
"Kwa Wabaski. Milima, mvua, kondoo."
Tukamuuliza: alishinda sana?
"Mara moja. Siku ya mvua ya mawe."
Sasa mlimpendea nini?
Padre akasukuma pampu mara nne, tano.
"Akipanda mlima, unamwona anaumia.
Wenzake walificha."

Sikuelewa. Nilidai hela ya kiraka.

Luhende akaingia mashindanoni.
Mwaka wa kwanza wa tisa, wa pili wa nne,
wa tatu akabeba ndama
na cheti kilichoandikwa Luhembe.
Ndama akamwita Cheti.
Redio ikamtaja. Watoto wa Igoma wakafunga
vitambaa vya chungwa kwenye baiskeli zisizo na breki.
Wauza sato wa Kirumba walibishana juu ya mapaja yake
utadhani wameyapima kilo.
Na mlimani Buhongwa, usiku wa kuamkia mbio,
mtu alimwaga chokaa kwenye lami:
GOIKO KANYAGA,
herufi kubwa kama ng'ombe waliolala.

Hakushinda tena.
Miaka sita: wa pili, wa tano, mnyororo,
wa saba, malaria, wa kumi na moja.
Wakaja vijana wenye baiskeli za kuinua kwa kidole,
wakapita juu ya jina lake bila kulisoma.

Mbio zake za mwisho nilikuwa konani na spana.
Wa kwanza akapita, makofi.
Kundi likapita, makofi ya adabu.
Watu hawakuondoka.
Mama wa michembe alifunika sinia lake.
Mtu akasema "anakuja," wala hakuwa anakuja.
Dakika ishirini na mbili, nilihesabu.
Ndipo ile rangi, polepole,
mdomo wazi, uso uchi kama kidonda,
na mlima mzima ukapiga yowe.
Wanasema bingwa, ameshafungua soda Nyamagana,
alilisikia, akauliza kuna nini.

Alipofika kwenye chokaa hakukanyaga.
Alishuka,
akaizunguka O ya jina lake kwa miguu,
kama mgeni anayekwepa mkeka wa mwenyeji,
akapanda tena.

Siku hizi ni maziwa tu. Jezi imekuwa ya kufutia madumu.
Masika hulamba herufi, na kila mwaka
zinaonekana zimerudi, nyeupe, asubuhi.
Mbio ni mwezi ujao.
Bei ya chokaa imepanda tena.