Sekunde Kumi na Moja

Ijumaa ya kwanza ya Disemba, ukungu ukishuka Krishnanagar,
tunaionyesha tena ile picha ya kale, nyeusi na nyeupe,
Kengele ya Saa Tisa,
na wanakuja walewale, wamejitanda mashali,
kumtazama mwenye mashamba akifa kitandani
mlango umekomewa kwa ndani.
Shahidi ni mkewe, aliyemtangulia kaburini.
Anashuka ngazi bila kuzikanyaga,
anapiga kengele, watu wa nyumba wanakusanyika,
anainua mkono, ananyoosha kidole,
na hapo picha inaruka.
Mto. Mawingu. Mwisho.

Mimi ni Nanigopal, wa chumba cha mashine.
Tundu langu halipiti kichwa cha mtoto,
lakini taa zikiwashwa na chai ikipita
maneno yao yote yanapanda kwangu.

"Ni mdogo wake," asema daktari Bibhuti.
"Tazameni viatu. Vina tope."
"Tope lile kavu, la wiki nzima," adakia Shefali wa samaki,
"mimi tope nalijua. Kaua tabibu,
na matabibu mnafichana."
Daktari anakoroga chai isiyo na sukari.
Haradhan, fundi cherehani, hana haja na muuaji:
"Blauzi ya mzimu imebanwa kwa pini mgongoni.
Mzimu gani huyo, anayekonda baada ya kufa?"
Kijana Tuhin, mgeni wa likizo, apiga miayo:
haitishi, asema, na inakwenda mwendo wa konokono;
lakini koti lake kalifunga hadi shingoni.

Kisha mwalimu Nirupoma, ambaye hapandishi sauti:
"Hakumnyooshea yeyote mle ndani.
Alitunyooshea sisi."

Aliyasema hayo mara ya kwanza miaka tisa iliyopita.
Tangu hapo wako wanaokaa viti vya pembeni,
kidole kisije kikawaangukia.
Na wote kwa pamoja wanamsifu mwongozaji:
alijua pa kukatia, mtu yule.

Hakukata yeye. Nilikata mimi.

Mwaka wa mafuriko, usiku wa kwanza,
meno ya mashine yaliutafuna mkanda.
Nilikuwa na mkasi, gundi, dakika mbili,
na mwenye sinema anaupiga mlango mateke.
Mita tano nikazisokota mfukoni.
Zimo hadi leo kwenye kopo la biskuti,
zinanuka siki.

Nimezitazama mara moja tu, kwa balbu ya jikoni,
kijipicha kwa kijipicha, kama achambuaye mchele.
Kidole hakimwendei mdogo, hakimwendei tabibu,
wala sisi; uniwie radhi, mwalimu.
Kinawapita wote hadi kizingitini,
kwa bawabu.

Bawabu! Yule asemaye "Bwana amelala" mara mbili basi,
ambaye jina lake halimo hata kwenye orodha ya mwanzo.
Miaka thelathini na moja ya chai na ubishi
hakuna aliyemtaja, hata kwa kumsingizia.
Na hakimbii.
Anavua kilemba, anakishika kifuani,
anatabasamu kidogo,
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Mwaka huu daktari kaja na mkongojo,
Shefali kaja na mjukuu, naye kaanza ubishi wake.
Walibishana hadi muuza chai akadai vikombe.
Nikashuka na funguo.
Nirupoma akageuka, akanitazama kama kitu kilichosogezwa:
"Na wewe? Umeiona kuliko sisi sote. Waonaje?"

Kopo lilikuwa nyumbani, kabatini,
ulimi ulikuwa hapa.
Nikasema picha ni nzuri,
ila mkanda wa tatu unakwaruza.

"Hilo kweli," wakasema,
wakajifunga mashali, wakaingia ukunguni,
nami nikazima taa, safu moja moja,
nikafunga lango.